Sihitaji Jibu, Nataka Baki

Jioni ya mgao wa kikoba chetu, miaka kadhaa iliyopita, daftari lilisema 3,086,500 na sanduku likasema 2,816,500. Mweka hazina nilikuwa mimi. Sanduku letu lina kufuli tatu na funguo hukaa kwa watu watatu, lakini watu wakishaanza kutazamana kwa jicho la pembeni, kufuli hazikuokoi. Tulihesabu noti mara tatu, tukajumlisha daftari upya kwa kalkuleta mara mbili. Laki mbili na elfu sabini hazionekani.

Kulikuwa na mzee mmoja kundini, karani mstaafu wa reli, ambaye muda wote huo alikuwa kimya na kikombe chake cha chai ya tangawizi. Akauliza, "Binti, hiyo tofauti inagawanyika kwa tisa?" Nilidhani anatania. Akajijibu mwenyewe: "Mbili na saba ni tisa. Basi inagawanyika. Kabla hamjamshuku mtu, tafuteni mahali tarakimu zimegeuzwa. Moja iko kwenye laki, mwenzake kwenye makumi elfu, na zinapishana kwa tatu."

Haikuchukua dakika tano. Marejesho ya mkopo ya mama mmoja yalikuwa 140,000, na mimi kwa mkono wangu nilikuwa nimeandika 410,000.

Usiku ule sikulala vizuri, na si kwa aibu peke yake. Nilitaka kujua alijuaje. Shule nilikaririshwa kwamba namba hugawanyika kwa tisa kama jumla ya tarakimu zake inagawanyika kwa tisa, nikapata vema, nikasahau. Hakuna aliyewahi kuniambia ni kwa nini. Nikiwa na ushauri mmoja tu kwa mtu anayefundisha watoto hesabu, au anayeshika daftari la fedha za wenzake, ni huu: achana na kukariri kanuni kumi na mbili. Shika wazo moja, kanuni utazitengeneza mwenyewe. Wazo lenyewe ni kwamba ukitaka kujua kama namba inagawanyika, huhitaji jibu la mgawanyo hata kidogo. Unahitaji baki tu. Kwa hiyo kila kinachogawanyika waziwazi kitupe, uangalie kilichobaki mezani.

Chukua shilingi 34,722 zigawiwe watu tisa. Zina misimbazi mitatu, noti za elfu moja nne, sarafu za mia saba, sarafu za kumi mbili (mnazikumbuka?) na shilingi moja moja mbili. Msimbazi mmoja kwa watu tisa ni 1,111 kila mtu, inabaki shilingi moja. Elfu moja ni 111 kila mtu, inabaki shilingi moja. Mia ni 11 kila mtu, inabaki moja. Kumi nayo inabakiza moja. Yaani kila noti na kila sarafu, iwe kubwa iwe ndogo, inaacha shilingi moja. Kwa hiyo kilichobaki mezani ni idadi ya noti na sarafu zenyewe: 3 na 4 na 7 na 2 na 2, jumla 18. Shilingi 18 kwa watu tisa ni mbili mbili. Imekwisha, haijabaki hata senti.

Kanuni ya tisa yote ni hiyo. Ya tatu ni hiyo hiyo, maana kinachokwenda kwa tisa kinakwenda na kwa tatu. Kuna faida ya ziada ambayo wengi hawaitumii: jumla ya tarakimu inakupa na baki lenyewe. Kama zingekuwa 34,724, jumla ingekuwa 20, na mbili na sifuri ni mbili, basi baki ni 2. Namba ikiwa ndefu usijumlishe kwa jasho, futa tu. Kwenye 5,493,618,270 futa 9, futa 5 na 4, futa 3 na 6, futa 1 na 8, futa 2 na 7. Imebaki sifuri. Inagawanyika, na hatujashika hata kalamu.

Sasa rudi kwa mzee wa reli. Tarakimu moja ikihama kutoka nafasi ya makumi elfu kwenda nafasi ya laki, inaongeza 90,000 kwa kila kimoja kilichomo ndani yake, na mwenzake anayeshuka anapunguza kwa kiwango hicho hicho. Ukigeuza 1 na 4, tofauti ni tatu mara 90,000, yaani 270,000. Tarakimu zilizogeuzwa daima huacha tofauti inayogawanyika kwa tisa. Kusahau sifuri nako ni hivyo hivyo: aliyelipa 140,000 ukimwandikia 14,000, tofauti ni 126,000, nayo inagawanyika kwa tisa. Haithibitishi kwamba hakuna mwizi, maana mwizi naye anaweza kuchukua 270,000 kamili. Inakuambia tu pa kuanzia kutafuta, na kwenye kikao cha watu thelathini wenye hasira, pa kuanzia ni jambo kubwa.

Ya mbili, tano na kumi sitapoteza muda nayo, mnayajua. Kwa nne, mia moja inagawanyika kwa nne, basi kila kilichoko kwenye mamia na kuendelea tupa, utazame tarakimu mbili za mwisho. Kwa nane, elfu moja inagawanyika kwa nane, basi tazama tatu za mwisho. Mfano 7,351,936: tunabaki na 936. Sioni haja ya kugawanya, mimi hukata nusu mara tatu: 468, 234, 117. Zimekatika zote bila nusu kujitokeza, basi inakwenda. Kanuni ya nne ndiyo inayotuambia Februari ina siku ngapi, ila kalenda iliyorekebishwa na Papa Gregori wa Kumi na Tatu mwaka 1582 iliongeza sharti: mwaka unaoishia na sifuri mbili lazima ugawanyike kwa 400. Ndiyo maana 2000 ulikuwa mwaka mrefu, na 2100 hautakuwa.

Kumi na moja ninaipenda kuliko zote, na walimu wengi huiruka. Fikiria salio na deni. Kumi ni pungufu ya 11 kwa moja, hilo ni deni la moja. Mia ni 99 na moja, hilo ni salio la moja. Elfu ni pungufu ya 1,001 kwa moja, deni tena. Inapokezana hivyo mpaka mwisho wa namba. Basi anza kulia: jumlisha, toa, jumlisha, toa. Kwenye 918,082 unapata 2 toa 8, ongeza 0, toa 8, ongeza 1, toa 9. Inakuja hasi 22, ambayo ni mara mbili ya kumi na moja. Inagawanyika.

Faida yake niliiona kwa mtoto wa dada yangu, darasa la saba, aliyekwama kwenye kurahisisha sehemu: 1,386 juu, 2,079 chini. Mbili haiingii kwa sababu namba ya chini ni witiri, tano haiingii, akaweka kalamu chini. "Mama mdogo, hii hairahisishiki." Nikamwambia ajumlishe tarakimu. Zote mbili zikatoa 18. Gawa kwa tisa: 154 juu, 231 chini. Akakwama tena. Nikamwambia ajaribu kumi na moja: 4 toa 5 ongeza 1 ni sifuri, 1 toa 3 ongeza 2 ni sifuri. Ikawa 14 kwa 21, na hiyo anaijua mwenyewe kutoka kwenye jedwali la saba. Theluthi mbili. Alinitazama kama nimemfanyia mazingaombwe. Chumba cha mtihani hakuna kalkuleta, na mtoto aliyezoea kujaribu mbili na tano tu anaacha alama nyingi njiani.

Saba ndiyo yenye sifa mbaya. Njia ya kwanza ni kukata tarakimu ya mwisho, kuizidisha kwa mbili, na kuitoa kwenye zilizobaki. Kwa 8,638: 863 toa 16 ni 847, 84 toa 14 ni 70. Inagawanyika. Kinachofanya kazi hapo ni 21: mbili mara kumi, ukiongeza moja, ni 21, nayo ni saba mara tatu. Mwaka 2019 mtoto wa miaka 12, Chika Ofili, Mnigeria aliyekuwa akisoma London, alizungumzwa sana kwa kugundua mwenyewe njia nyingine: zidisha ya mwisho kwa tano kisha jumlisha. 863 ongeza 40 ni 903. 90 ongeza 15 ni 105. 10 ongeza 25 ni 35. Watoto wanaipenda zaidi kwa sababu hakuna kutoa, na kutoa ndiko wanakokosea. Hapo nyuma yake kuna 49: tano mara kumi, ukitoa moja, ni 49, nayo ni saba mara saba.

Kwa namba ndefu kweli njia hizo mbili zinachosha, unakata mkia mmoja mmoja kama anayechambua dagaa. Hapo tumia 1,001, ambayo ni 7 mara 11 mara 13. Mkato tunaouweka kila baada ya tarakimu tatu umeshakukatia vipande. Elfu ni deni la moja kwa 1,001, milioni ni salio la moja, basi toa na ujumlishe vipande kwa kupokezana. Kwenye 25,417,623 ni 623 toa 417 ongeza 25, inabaki 231. Sasa swali la namba yenye mamilioni limekuwa swali la 231: kwa saba inakwenda mara 33, kwa kumi na moja mara 21, kwa kumi na tatu haiendi. Hesabu moja imejibu maswali matatu.

Na mchezo unatokea hapo hapo. Mwambie mtoto aandike tarakimu tatu zozote, kisha azirudie mbele yake, kama 482,482. Mwambie agawanye kwa 7, halafu jibu kwa 11, halafu jibu kwa 13. Hakutabaki kitu popote, na mwisho anarudi kwenye 482 aliyoanza nayo. Usimwambie sababu siku hiyo. Mwache alale nayo.

Nilikokosea mwenyewe ni kwenye namba za kuunganisha. Niliwahi kumfundisha mtoto kwamba namba ikigawanyika kwa 2 na kwa 6 basi inagawanyika kwa 12. Akaniletea 18. Sikuwa na la kusema. Sita ina mbili ndani yake tayari, kwa hiyo kuuliza mbili tena ni kumhoji shahidi yule yule mara ya pili. Vigawo unavyochagua visiwe na kitu cha pamoja: 12 ipime kwa 3 na 4, 24 kwa 3 na 8, 45 kwa 5 na 9. Ukipima 24 kwa 4 na 6, namba 36 itakudanganya.

Kuna kanuni za 17 na za 19 pia. Nimezijaribu, na kwa maoni yangu kalkuleta iwe na kazi yake.

Tahadhari nyingine ni ya wale wanaohakiki majibu kwa kutupa tisa, yaani kulinganisha baki la tisa la jibu na baki la namba walizoanza nazo. Ni mbinu ya zamani. Leonardo wa Pisa, mwanahisabati wa Italia aliyejifunza hesabu kwenye bandari ya Bugia, Algeria ya leo, aliiandika kwenye kitabu chake cha mwaka 1202. Ni nzuri, lakini haiwezi kukuonyesha tarakimu zilizogeuzwa, maana 140 na 410 zina jumla moja. Kosa ambalo tisa inalifichua ukiangalia tofauti, inalificha ukiangalia jibu peke yake.

Ndiyo maana waliotengeneza namba ya utambulisho wa simu hawakutegemea jumla tupu. Bonyeza *#06# utaona tarakimu 15. Kuanzia kushoto, kila ya pili izidishe kwa mbili, ikizidi tisa iondolee tisa, halafu jumlisha zote. Jumla lazima igawanyike kwa kumi. Kwa kuwa jirani mmoja anazidishwa na mwenzake hazidishwi, ukiwageuzana nafasi jumla inaharibika, isipokuwa 0 na 9 wakiwa pamoja. Niliijaribu kwenye simu yangu ikatoka sawa, nikaijaribu kwenye simu ya mume wangu, aliyoinunua kwa bei ya kushangaza kwa mtu wa stendi. Ilitoka 53. Nilirudia mara mbili, nikampelekea karatasi, naye akaniambia hesabu zangu za kikoba nisizilete nyumbani.