Maswali ya Wasomaji: Hema na Trela Decorah, Iowa

Barua za safari hii zimetoka kwa wasomaji wa Iowa na Minnesota wanaopanga kupiga kambi Decorah, mji mdogo ulio kaskazini-mashariki mwa Iowa. Mto Upper Iowa unapita katikati ya vilima vya mawe ya chokaa, na mji una kambi yake, Pulpit Rock, inayopokea hema na trela. Tumechagua barua nne.

Tulikodi trela ya kulala watu sita, nafasi yetu ikiwa na soketi ya ampia 30. Kila asubuhi tukiwasha birika la chai, umeme unakatika. Siku ya kuondoka nikaona plagi ya trela ina alama nyeusi. Tatizo liko wapi? — Msomaji wa Waterloo

Ndugu, anza na hesabu. Soketi ya ampia 30 kwenye kambi za Marekani ni ya volti 120, yaani wati 3,600 kwa trela nzima. Kiyoyozi cha paani kikizunguka hula ampia 12 hadi 15. Hita ya maji ya kuoga, ile ya wati 1,440, hula 12. Hapo umeshapita 24 hata hujagusa jikoni. Birika la wati 1,500 linataka 12 na nusu. Ukilibonyeza, breka, yaani swichi ya usalama inayokata umeme ukizidi, inaruka, na hivyo ndivyo inavyotakiwa kufanya. Hita nyingi za trela zina swichi mbili, ya umeme na ya gesi: ihamishie kwenye gesi. Kisha zima kiyoyozi kwa dakika tano, chemsha maji, ukiwashe tena. Au bandika chai kwenye jiko la gesi, yaishe.

Kama birika lenyewe lilitoka Dar au Mombasa, liache nyumbani. Limetengenezwa kwa volti 240. Kwenye volti 120 nguvu yake inashuka hadi robo, kwa hiyo birika la wati 2,000 linakuwa la wati 500 na chai itakukawiza.

Alama nyeusi ndiyo inayotutia wasiwasi. Inaonyesha kwamba meno ya plagi hayakushikwa vizuri ndani ya soketi. Umeme mwingi ukipita mahali palipolegea, pale panapata joto, joto linazidi kulegeza, na mwishowe plastiki inayeyuka. Usiisugue kwa msasa ukaendelea kuitumia. Ikatwe, ifungwe mpya, maana plagi iliyoungua huharibu hata soketi nzima utakayoichomeka.

Safari nyingine fuata mpangilio huu. Zima breka kwenye nguzo fupi ya umeme ya nafasi yako kabla ya kuchomeka chochote. Angalia soketi kama ina dalili ya kuungua au imelegea. Pima volti: 110 hadi 125 ni salama. Ukikuta 240 kwenye soketi ya ampia 30, usichomeke, mtu aliifunga vibaya. Waite ofisi wakuhamishe. Ndipo uchomeke, na mwisho uwashe breka. Rudi kupima mchana wa Jumamosi ya Julai, kambi ikiwa imejaa na viyoyozi vyote vinanguruma. Volti ikishuka chini ya 104, zima kiyoyozi, kwa sababu mota yake huvuta ampia nyingi zaidi kufidia upungufu na koili zake huungua. Waya wa kurefusha uwe namba 10 kwa kipimo cha Marekani cha unene wa waya. Ule mwembamba wa mashine ya kukatia majani haufai hata kwa usiku mmoja.

Hema letu ni jipya, na chini tulitandika turubai, lakini mvua ya usiku ilitulowesha magodoro. Hema halijachanika popote. Tena tunasikia mto wa Decorah hufurika. Tupige hema wapi? — Familia ya watu saba, Cedar Rapids

Karibu tuna hakika kuwa turubai lilikuwa kubwa kuliko hema. Kingo zikichomoza nje, mvua inayoteremka ukutani huangukia juu ya turubai na kukusanyika chini ya sakafu, mahali mnapolala. Likunjeni kwa ndani hadi kila ukingo uingie sentimeta tano chini ya hema. Kazi ni hiyo tu, na familia nyingi hununua hema jipya bila kujua.

Lakini shikeni ukuta wa ndani kwanza. Kama umelowa kote, hadi juu, huo ni mvuke wa pumzi zenu. Watu saba waliofunga kila dirisha hutoa maji mengi kwa usiku mmoja. Acheni matundu ya juu wazi hata mvua ikinyesha, na kazeni kamba za kifuniko cha nje kisigusane na hema la ndani. Vigingi viinamishwe, vichwa vikielekea mbali na hema. Vile vya plastiki vinavyokuja na hema huvunjika kwenye kokoto za kambi, nunueni vya chuma vya sentimeta 25.

Kuhusu mto, mliyosikia ni kweli. Decorah ilipata mafuriko makubwa Juni 2008, na tena Agosti 2016. Vilima vya huko vina miteremko mikali, kwa hiyo mvua iliyonyesha mbali juu ya mto inaweza kuwafikia ninyi mkiwa chini ya nyota tupu. Kabla jua halijazama, tembeeni mwone njia ya kuelekea juu iko wapi, na gari lielekezwe huko. Kijibonde chenye majani yaliyolala upande mmoja kimepitiwa na maji karibuni. Msipige hapo hata kama ndipo penye kivuli.

Ulizeni ofisi, siku ileile ya kufika, mtakimbilia jengo gani kukiwa na kimbunga cha tornado. Hema halifai, na trela nayo hupinduliwa. Chukueni redio ndogo ya hali ya hewa, inayoshika masafa ya megahezi 162.400 hadi 162.550: italia hata simu ikikosa mtandao.

Samahanini kwa swali hili. Choo cha trela kiliziba, na koki ya kumwagia tulikuwa tumeiacha wazi muda wote ili kisijae. Tufanye nini? — Mama wa Rochester, Minnesota

Usione haya, mama, swali hili linawahusu wengi. Koki iliyoachwa wazi ndiyo iliyoziba choo. Maji hukimbia, uchafu mzito unabaki, unakauka na kurundikana chini ya bomba. Ifunge, jaza maji tangi la choo, lile linalopokea uchafu chini yake, hadi robo tatu, liache usiku kucha, kisha mkiondoka mtikisiko wa barabara uvuruge lile lundo, mkamwage kwenye kituo cha kumwagia maji machafu.

Tangu sasa koki ibaki imefungwa hadi tangi lifike theluthi mbili. Vaa glavu. Mwaga tangi la choo kwanza, ndipo la maji ya jikoni na bafuni, ili sabuni ioshe mpira wa kumwagia. Rudisha galoni mbili tatu za maji safi kabla ya kutumia tena. Mpira wa maji ya kunywa uwe wa kwake peke yake, usikaribie kabisa kituo cha kumwagia.

Tunaweza kubeba kuni kutoka nyumbani? Na usiku wa baridi, jiko la mkaa hemani? — Vijana wa Des Moines

Kuni nunueni hukohuko. Mbawakawa wa kijani anayeua miti ya ashi husafiri akiwa bado funza chini ya gome, na kuni za wasafiri ndizo zinazomfikisha mbali. Iowa alionekana mara ya kwanza mwaka 2010, kaunti ya Allamakee, jirani kabisa na Decorah.

Jiko la mkaa hemani, hapana, hata likibaki majivu mekundu tu, hata mlango ukiwa wazi. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Aliyelala haamki kuikimbia. Choma nyama nje na uache jiko huko nje. Baridi ya Mei inapanda kutoka ardhini, na godoro la hewa haliizuii: tandikeni mkeka wa sponji juu yake, vaeni soksi kavu na kofia.