Kabla takwimu za afya ya akili hazijakutisha

Ripoti ya mwaka ya huduma za hospitali ikitoka, ujumbe huanza kumiminika kwenye simu yangu, na karibu wote wanaoniandikia wanauliza jambo moja: ni kweli watu wanaugua akili kwa kasi hii? Anayeuliza ameshaona kichwa cha habari chenye asilimia ya kutisha, na jedwali lenyewe hajalifungua. Simlaumu, maana majedwali yale yanamchosha hata anayelipwa kuyasoma. Ila nimekaa miaka mingi upande wa pili wa namba hizo, nikipokea ripoti za kila mwezi kutoka wodini na kliniki, kuzihakiki na kuzijumlisha, na jibu langu huwa ni swali linaloudhi kidogo: hapo kimehesabiwa nini?

Hospitali huhesabu kazi yake: waliolazwa, walioruhusiwa, siku walizokaa wodini, mahudhurio ya kliniki, rufaa zilizopokelewa. Ugonjwa ulioko majumbani hauingii humo mpaka mwenye nao avuke mlango na mtu aandike jina lake. Kliniki ya afya ya akili ikifunguliwa mahali ambapo haikuwapo, idadi ya "wagonjwa" wa eneo hilo itaruka mwaka huohuo, na hiyo ni habari njema. Nimewahi kumwona kiongozi akidai maelezo ya maandishi kwa nini namba za eneo lake "zimeharibika", kumbe kilichotokea ni kuajiriwa kwa muuguzi mmoja anayejua kazi yake na anayeandika kila anayemhudumia.

Jambo la kwanza la kutafuta, basi, ni kama waliohesabiwa ni watu au matukio. Chukua mgonjwa mmoja aliyelazwa mara tatu mwaka huu, na katika mojawapo ya mara hizo akahamishwa kutoka kwa daktari bingwa mmoja kwenda kwa mwingine. Huyo ni mtu 1, kulazwa 3, na kwa mfumo wa Uingereza ni vipindi 4 vya matibabu, kwa sababu kule kila muda mgonjwa anaokuwa chini ya bingwa mmoja huhesabiwa kama kipindi chake. Namba zote tatu ni halali. Tatizo linaanza pale mwandishi anapochukua ile kubwa kuliko zote na kuandika "watu". Kwenye afya ya akili kosa hili huuma zaidi kuliko penginepo, kwa kuwa maradhi yenyewe ni ya kurudirudi. Aliyevunjika mguu akiunga ameunga. Mwenye skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomtenga mtu na uhalisia, anaweza kulazwa, akatulia, akaacha dawa, akarudi.

Kwenye daftari la karatasi hili huonekana kwa macho. Ukikaa na daftari la wodi mwisho wa mwezi, ukiteremsha rula mstari kwa mstari, utaona jina lilelile likijitokeza tena kwa herufi tofauti kidogo, umri umeongezeka miaka miwili kwa sababu safari hii aliyetoa maelezo ni shemeji na si mama, na namba ya faili ni mpya kwa sababu ile ya zamani haikuonekana. Wewe unajua ni yuleyule. Kompyuta itakayopokea jumla haijui, na wala haiwezi kujua, mpaka kila mgonjwa awe na namba moja ya utambulisho inayomfuata kila aendako. Nchi ambayo haina namba hiyo haiwezi kukuambia ni watu wangapi waliotibiwa, hata ikitaka. Inachoweza kukuambia ni mahudhurio. Ukiona ripoti ya nchi ya namna hiyo inataja "watu", rudi kwenye maelezo madogo chini ya jedwali.

Jambo la pili ni kile ambacho namba imegawanywa nacho. Florence Nightingale, muuguzi maarufu wa Uingereza, alipigania sana hospitali zote zitumie fomu za aina moja, na pendekezo lake likafikishwa kwenye mkutano wa kimataifa wa takwimu uliofanyika London mwaka 1860. Muda si mrefu baadaye akachapisha jedwali lililoandaliwa na mtakwimu William Farr, likionyesha kwamba katika hospitali 24 za London vifo vilikuwa asilimia 90.84. Madaktari wakaja juu, na hesabu ukiifuata unaona kwa nini: vifo 3,828 vya mwaka mzima wa 1861 viligawanywa kwa wagonjwa 4,214 waliokutwa vitandani siku moja tu, tarehe 8 Aprili. Kitanda kimoja hupokea watu wengi kwa mwaka, na wote hao hawakuwamo kwenye mgawanyo. Farr hakuwa mjinga; alikuwa na hoja zake kuhusu kupima hatari kwa muda. Lakini msomaji wa kawaida aliyeona 90.84 alielewa kwamba kati ya watu kumi wanaoingia hospitali, tisa wanatoka kwenye jeneza.

Kosa linalofanana na hilo bado lipo, nami nakutana nalo kila mwaka. Mkoa wenye hospitali kubwa ya rufaa ya magonjwa ya akili huongoza kwa kulazwa kwa kila watu 100,000, na waandishi wanaharakisha kutafuta kilichowasibu wakazi wake: bangi, ukosefu wa kazi, ndoa. Wagonjwa wametoka mikoa yote, lakini mgawanyo umefanywa kwa wakazi wa mkoa mmoja. Ukitaka kulinganisha mikoa, tafuta jedwali linalomhesabu mgonjwa mahali anapoishi, na kama halipo, usilinganishe. Nalisema hili kwa ukali kwa sababu nimeona fedha za kampeni zikipelekwa mahali kwa kutegemea ramani ya namna hiyo, na mahali penyewe palikuwa na uhitaji mdogo kuliko jirani zake.

Vitanda navyo hudanganya kwa njia yake. Japani ina zaidi ya vitanda 250 vya magonjwa ya akili kwa watu 100,000, ikiwa miongoni mwa nchi za juu kabisa duniani. Italia ina takriban 10. Hakuna anayeamini kwamba Wajapani wanaugua mara ishirini na tano zaidi. Italia ilipitisha sheria namba 180 ya mwaka 1978, inayohusishwa na daktari Franco Basaglia, ikazuia kuwalaza wagonjwa wapya katika hospitali kongwe za wagonjwa wa akili na kuhamishia huduma kwenye vituo vya kijamii na wodi ndogo zisizozidi vitanda 15 ndani ya hospitali za kawaida. Kwa hiyo vitanda vichache vinaweza kumaanisha nchi imejenga huduma nje ya hospitali. Vinaweza pia kumaanisha haijajenga chochote. Jedwali la vitanda peke yake haliwezi kutofautisha hali hizo mbili. Liweke kando ya jedwali la mahudhurio ya wagonjwa wa nje na lile la wahudumu, ndipo uanze kusema.

Muda wa kukaa hospitali ndio kipimo ninachokipenda kuliko vyote, labda kwa sababu kinapindua akili. Kwa kawaida huhesabiwa siku mgonjwa anaporuhusiwa. Tuseme wodi imeruhusu watu 100 mwaka huu. Watu 99 walikaa siku 14 kila mmoja. Wa mia alikuwa mzee aliyeishi humo miaka 20, na hatimaye ustawi wa jamii wakampatia makazi na ndugu wa kumpokea. Siku zake ni 7,300. Jumlisha, gawanya kwa 100: wastani wa wodi ni karibu siku 87. Mwaka uliotangulia, mzee akiwa bado ndani, wastani ulikuwa 14. Wodi imefanya jambo jema kuliko yote iliyowahi kufanya, na kwenye ripoti inaonekana imekuwa hovyo mara sita. Hospitali inayotaka kupendeza kwenye jedwali ina kila sababu ya kumwacha mzee pale alipo. Ndiyo maana ripoti nzuri huweka pia namba ya katikati, yaani ukiwapanga wote kuanzia wa siku chache hadi wa siku nyingi, yule wa katikati alikaa siku ngapi. Hapa ingebaki 14 miaka yote miwili. Ukipewa wastani pekee kwenye afya ya akili, shuku.

Sasa kwa wasioonekana kabisa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 970, karibu mtu 1 kati ya 8, walikuwa wakiishi na tatizo la afya ya akili. Namba hiyo haikutoka hospitalini. Ni makisio yanayotokana na tafiti za kaya na hesabu za kitaalamu. Shirika hilohilo linasema asilimia 71 ya wenye saikosisi duniani hawapati huduma za afya ya akili. Hao ni watu wanaosikia sauti na kuona wasivyoviona wengine, wagonjwa ambao jirani yeyote angewatambua, na bado wengi wao hawamo kwenye daftari lolote. Wenye sonona wanaoamka, wanakwenda kazini na kurudi, wana nafasi ndogo zaidi ya kuandikwa. Basi usichukue namba ya hospitali ukaiita ukubwa wa tatizo, na usichukue makisio ya kaya ukadai hospitali inaficha wagonjwa. Ni vipimo viwili tofauti, na pengo lililo kati yake ndilo lenye habari.

Wapo pia wanaoingia hospitali na bado wakapotea. Mtu aliyekunywa dawa ya kuulia wadudu kwa nia ya kujiua hufikishwa mapokezi ya dharura, hulazwa wodi ya kawaida, hupewa matibabu ya sumu. Kwenye orodha ya kimataifa ya magonjwa, toleo la kumi, sumu ya viuatilifu ni T60. Ipo alama ya pili ya kuonyesha kwamba alijidhuru kwa makusudi, X68, lakini ni lazima mtu aiandike, na mara nyingi haiandikwi: familia imesema ni bahati mbaya, daktari ana foleni, karani ananakili kilichoandikwa. Mwisho wa mwaka mgonjwa huyo anahesabiwa kwenye sumu na ajali. Jedwali la afya ya akili halimjui. Nikiombwa ushauri na mtu anayetaka kuelewa kujidhuru katika eneo fulani, humwambia aanze na takwimu za sumu, wodi za kawaida na mapokezi ya dharura, na ile hospitali ya akili aiache mwisho.

Mabadiliko ya mwaka hadi mwaka nayapitia haraka, kwa sababu mengi yanajieleza. Mwaka 2020 kulazwa na mahudhurio vilishuka mahali pengi, na hakuna aliyepona kwa sababu ya korona; asilimia 93 ya nchi zilizojibu uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani mwaka huo zilisema huduma muhimu za afya ya akili zilivurugika au kusimama. Ulinganisho unaoanzia mwaka huo utaonyesha ongezeko hata kama hakuna kilichoongezeka. Pia toleo la kumi na moja la orodha ya magonjwa lilianza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022, nchi moja baada ya nyingine, na ndani yake matatizo ya usingizi yamepewa sura yao wenyewe. Kukosa usingizi ambako zamani kungeweza kuandikwa chini ya magonjwa ya akili sasa kuko kwingine. Mstari wa grafu ukikatika ghafla mwaka fulani, uliza kwanza kama fomu ilibadilika.

Kuhusu nyota ndogo unazoziona mahali pa namba: si uzembe. Wagonjwa wakiwa wachache mno katika kundi, mathalani wanawake wa umri fulani katika wilaya ndogo, ofisi huficha idadi ili jirani asijue ni nani. Uingereza huficha idadi ndogo hivyo na nyingine huzikadiria hadi kizidisho cha 5 kilicho karibu. Tafadhali usitoe namba zinazoonekana kwenye jumla ili upate iliyofichwa. Nimewaona watu wazima, tena wasomi, wakijivunia ujanja huo, na hawakufikiria kwamba nyuma ya nyota kuna mtu ambaye kijiji kizima kinaweza kumtambua.

Muda wa kusubiri huduma nao ni mtego. Ukiambiwa wagonjwa walisubiri wastani wa wiki tatu, uliza kama waliohesabiwa ni walioshaonwa tu. Anayesubiri tangu mwaka jana na hajaitwa bado hayumo, na kadiri anavyosahauliwa ndivyo wastani unavyobaki mzuri.

Ukitaka kuomba takwimu ofisini, usiandike "naomba takwimu zote za afya ya akili". Barua hiyo itazunguka mezani kwa mwezi mzima kwa kuwa hakuna anayejua aanzie wapi. Chora jedwali lako likiwa tupu: mistari ya umri na jinsia, safu wima za miaka, kipimo kimoja kilichotajwa wazi, na kama unataka mahali pa makazi au mahali pa matibabu. Kisha ongeza ombi moja ambalo wengi hawaliombi: kati ya vituo vilivyopaswa kuleta ripoti, ni vingapi vilileta, kwa kila mwaka. Kama mwaka jana vilileta vituo 60 kati ya 100 na mwaka huu 90, ongezeko lote unaloliona linaweza kuwa ni vituo tu. Ombi hilo halitamkera mtu. Kwenye ofisi yoyote ya takwimu inayofanya kazi, hilo ndilo jedwali linalofunguliwa kwanza mwezi unapoanza.