Maswali ya Wasomaji: Kusaka Treni za Mfano Magulioni

SWALI: Ndugu Mhariri, ni miaka kadhaa sasa ninahudhuria magulio ambako wakusanyaji wa treni za mfano huuziana na kubadilishana vitu vyao. Mara nyingi ninarudi mikono mitupu, lakini ninarudi nimefurahi, na jamaa zangu wanashangaa kwa nini nisiagize tu kwenye mtandao. Mwezi uliopita nilipata kwa bei ya kutupwa kichwa cha treni cha miaka ya 1930. Nilipokifungua nyumbani, nilikuta fremu yake imepinda na inamegeka kama biskuti. Je, nilikiharibu mwenyewe njiani?

JIBU: Hapana, ndugu msomaji, kilikuwa kinaumwa kabla hujakishika. Vichwa vingi vya kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia vilisubiwa kwa aloi ya zinki, na pale ambapo madini ya risasi kidogo tu yaliingia katika mchanganyiko huo, unyevunyevu wa hewani huila aloi kutoka ndani, mwaka baada ya mwaka, mpaka inavimba, inapasuka na hatimaye kugeuka makombo. Ugonjwa huo hauna dawa, na gundi haifui dafu mbele yake. Siku nyingine, kabla ya kutoa fedha, kipindue kichwa hicho tumbo juu na ukielekeze penye mwanga: tafuta nyufa nyembamba kama nywele, kisha utazame kama bodi bado inakaa sawasawa juu ya fremu, kwa kuwa fremu iliyovimba hurefuka na matundu ya skrubu huacha kukutana. Tazama pia vichwa vya skrubu zenyewe. Vikiwa vimechubuka, ujue kuna aliyewahi kuingia humo, na una haki ya kumwuliza muuzaji alikuwa anatafuta nini.

Sanduku nalo lisikupumbaze. Linganisha namba iliyochapwa ubavuni mwake na ile iliyo kwenye treni, maana si ajabu kukuta behewa moja limelala katika sanduku la jingine, nawe ukalipia sanduku ukidhani unalipia jozi kamili.

Kuhusu jamaa zako, waambie kwamba mtandaoni unanunua picha, yaani mbuzi kwenye gunia, ilhali gulioni unanunua kwa vidole. Mimi huanza chini ya meza, kwenye maboksi ya vipande vilivyovunjika, ambako wenye haraka hawainami. Humo ndimo hupatikana gurudumu au kiungio ambacho mtu amekitafuta kwa miaka. Saa ya mwisho nayo ina neema yake, kwa sababu muuzaji aliyechoka hapendi kufungasha tena alichokileta, na hapo kubadilishana huwa rahisi kuliko kununua. Wanaoudhihaki mchezo huu hawajui ukubwa wake: huko York, Pennsylvania, nchini Marekani, wanachama wa Train Collectors Association, chama kilichoanzishwa mwaka 1954, hukusanyika mara mbili kwa mwaka kwa shughuli hii hii.

SWALI: Nimeoneshwa treni ya Lionel, kampuni ya Marekani ya treni za mfano, yenye kichwa cha rangi ya waridi, nami nikaambiwa ni ile ya mwaka 1957. Niamini?

JIBU: Usiamini haraka. Lionel waliitoa treni hiyo kwa ajili ya wasichana, haikupata wanunuzi, na uchache wake ndio uliopandisha thamani yake baadaye. Jambo hilo limewavutia wanaopaka rangi upya, na kampuni yenyewe iliwahi kuitoa tena. Tumia lenzi: rangi iliyopakwa juu ya nyingine huzifunika riveti ndogo na kuzipunguzia makali. Muuzaji akikataa lenzi yako, mrudishie treni yake kwa adabu uendelee na safari.

SWALI: Kichwa changu cha zamani cha Märklin, kampuni ya Ujerumani, ni cha uwiano wa 1:87 (yaani kidogo mara 87 kuliko treni halisi), sawa na reli zangu ambazo pau zake mbili hupitisha umeme kila moja upande wake, lakini kila nikikiweka umeme unakatika.

JIBU: Vipimo vinalingana, umeme haulingani. Mfumo huo wa Märklin huchukua umeme katikati ya reli, na magurudumu ya pande zote mbili yameunganika, kwa hiyo kwenye reli zako yanasababisha shoti. Kiondoe, kisha gulio lijalo utafute reli zake. Za mitumba hazikosekani.