Sehemu mpya ya watoto kuchezea maji kambini: wapeleke, ila ukae upande wa bwawa kubwa

Dada uliyeuliza kama uwapeleke wanao, wa miaka miwili na mitano, kwenye ile sehemu mpya ya maji iliyofunguliwa kambini huku Nakuru: wapeleke. Wangu wana miaka minne na sita, na nimeshawapeleka kwenye sehemu za aina hiyo mara tatu, kambi mbili tofauti nje ya mji. Wanarudi wamechoka vizuri, wanalala hemani kabla hata chakula hakijaiva. Lakini soma kwanza yaliyonikuta mara ya kwanza.

Kambi ile ilikuwa na bwawa la siku nyingi, na sehemu ya watoto wakaijenga pembeni yake. Sakafu ya buluu, maji ya kufika kwenye kifundo cha mguu, mabomba yanayorusha maji kutoka chini, na ndoo kubwa iliyotundikwa juu ya nguzo. Ndoo hiyo hujaa polepole, ikishajaa inapinduka yenyewe. Watoto wakubwa husimama chini yake wakiisubiri kwa hamu. Kitinda mimba wangu hakujua. Ilipopinduka kile kishindo kikamtisha, akafumba macho akatimua mbio. Hakukimbilia kwangu, alikimbilia kusikokuwa na watu, na huko ndiko lilikokuwa bwawa kubwa. Katikati hapakuwa na ua wala kamba, ni vigae tu, hatua kama kumi.

Mimi nilikuwa nimeinama namimina chai. Nilipoinua kichwa alikuwa ameshashuka vidato viwili vya bwawa, maji yamemfika kidevuni, mdomo wazi, mikono inapapasa mbele yake kama mtu anayetafuta mlango gizani. Hakulia, hakuita. Walikuwepo watu wazima wanne karibu naye kuliko mimi na hakuna aliyegeuka, kwa sababu hapakuwa na sauti ya kumgeuza mtu. Nilimnyakua kwa mkono mmoja. Kukohoa alianza akiwa ameshafika kifuani pangu.

Kwa hiyo ukifika, kabla ya kuwavua nguo, angalia kama kuna ua kati ya sehemu ya watoto na bwawa, na kama mlango wake unajifunga wenyewe. Kama hakuna, tandika leso yako upande wa bwawa, siyo upande wenye kivuli ambako sisi wazazi hukimbilia, ili mtoto akitoroka apite kwako kwanza. Mkiwa watu wazima wawili, gawaneni zamu, na aliye zamu aweke simu mbali. Mwokoaji akiwepo ni vyema, lakini anawatazama watoto thelathini na wewe unatazama wawili. Tena usidanganywe na uchache wa maji. Mtoto wa miaka miwili kichwa chake ni kizito kwa mwili wake, akianguka kifudifudi sentimita chache tu zinatosha kumzamisha.

Jambo la pili ni maji yenyewe. Hayo yanayorushwa juu kwa kawaida si mapya. Yanaingia kwenye tangi chini ya sakafu, pampu inayapitisha kwenye chujio, yanatiwa klorini, dawa ya kuua vijidudu, yanarudi juu. Maji yakirushwa hivyo, hewa na jua vinaimaliza klorini haraka kuliko kwenye bwawa lililotulia, na jua letu hapa karibu na ikweta unalijua. Ndiyo maana inafaa wayapime mara kadhaa kwa siku. Omba kuona daftari la vipimo: klorini isipungue miligramu 1 kwa lita, pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, iwe kati ya 7.2 na 7.8. Mhudumu anayeijua kazi yake atakuonyesha bila kununa. Stima ikipotea na pampu ikasimama, watoe watoto, hata kama wengine wanaendelea kucheza.

Watu husema harufu kali ya klorini ndiyo dalili ya usafi. Sivyo. Harufu ile inayochoma macho hutoka klorini ikishachanganyika na mkojo na jasho. Waogeshe wanao kwa sabuni kabla ya kuingia, wapeleke chooni kila baada ya muda, na nepi ya mdogo uibadilishie mbali na maji, kwani hata nepi za kuogelea hazizuii vijidudu. Na mtoto anayeharisha abaki nyumbani. Kuna kijidudu kiitwacho kriptosporidiamu ambacho kinaweza kuishi zaidi ya siku 7 kwenye maji yenye klorini ya kawaida, na watoto kwenye mabomba yale humeza maji kila mara. Nakuomba hivyo kwa ajili ya wenzako wote hapo.

Baridi nayo. Tuko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Binamu za wanangu kutoka Kisumu walikuja Agosti wakidhani kuoga ni kuoga popote, midomo ikabadilika rangi baada ya dakika chache. Mdogo akianza kutetemeka mtoe, mkaushe, mpe kitu cha moto. Maji ya kunywa beba yako.

Huyo wa miaka miwili ingia naye mwenyewe, ukae chini majini naye mapajani. Nendeni saa nne asubuhi kabla watoto wakubwa hawajajaa. Kama kuna ndoo, simameni mbali mwiangalie ikipinduka mara mbili tatu, umwambie kabla, "sasa inakuja". Wangu nilimfanyia hivyo mara ya pili, na ile ya tatu akaniomba tusogee karibu.

Ukirudi tuambie hapa kama kuna ua. Dada yangu anataka kuwapeleka wake likizo ya Agosti.