Maswali Yenu Kuhusu Kazi: Nataka Kuongoza Kiwanda Kipunguze Moshi, Nianzie Wapi?

SWALI: Assalaam aleikum bwana injinia. Mimi ni fundi wa stima, nafanya zamu ya usiku kwenye kiwanda kimoja hapa Changamwe, nina diploma na miaka kadhaa kazini. Siku hizi kila nikifungua simu ni nishati safi, nishati safi, naona watu wana vyeo vikubwa vya kuongoza makampuni yapunguze kuchafua hewa. Nataka nifike huko. Nimeweka akiba kidogo, nafikiria niache kazi nikasome mastaz ya mambo ya mazingira, Nairobi ama nje. Mke wangu hataki hata kusikia. Nipe shauri. (Fundi wa Zamu, Changamwe)

JIBU: Wa aleikum salaam ndugu yangu. Kazi usiache. Shemeji ana haki, na si kwa sababu ya mshahara peke yake, ni kwa sababu hicho kiwanda unachotaka kukikimbia ndicho chuo chako, na hao wanaosoma mastaz wanatafuta kwa udi na uvumba mahali kama hapo ulipo wapate kushika mita na kuiona boila, lile tangi la kuchemshia maji yawe mvuke, inavyofanya kazi, na wengi hawapati.

Kuna jambo moja wengi wanaozitaka hizi kazi hawajalitazama vizuri. Stima ya Kenya tayari ni safi kwa sehemu kubwa, takriban tisa kwa kumi inatoka kwenye mvuke wa ardhini kule Olkaria, kwenye maji ya mto Tana, kwenye upepo wa Loiyangalani ambako kuna mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310, na jua nalo linaongeza chake. Sisi watu wa Mombasa tumezoea kuiona stesheni ya stima ya Kipevu inachoma mafuta mazito tukadhani nchi nzima iko hivyo. Haiko hivyo. Kwa hivyo ukiutafuta moshi wa kiwanda cha hapa kwetu, utaupata zaidi kwenye moto kuliko kwenye waya: boila, tanuri, jenereta, malori. Mtu akija akafunga sola juu ya paa lenu ni vizuri, bili itashuka, lakini boila huko chini bado itakunywa mafuta vile vile. Anayetaka kuongoza hii kazi lazima ajue habari za joto, na mafundi wa stima wengi joto hawaligusi kabisa, wanasema hiyo ni ya watu wa mekanika. Wewe liguse.

Lakini usianze na boila, anza na kile unachokijua, manake stima ndiyo itakayokupa pesa za haraka na jina. Omba bili za miezi 12 pale ofisini, uzisome mstari kwa mstari. Tazama pawa fakta, yaani sehemu ya stima mnayovuta inayofanya kazi kweli, ikiwa chini ya 0.9 mnatozwa faini kila mwezi na pengine hakuna hata mmoja anayejua. Tazama ile kVA (kipimo cha mzigo wa stima mnaovuta) ya juu kabisa ya mwezi, halafu uliza ilifika pale siku gani na kwa nini, mara nyingi utakuta ni mashine kubwa zimewashwa zote pamoja asubuhi baada ya stima kupotea, na hapo hakuna cha kununua, ni kupanga tu ipi iwake kwanza.

Kisha Jumapili, kiwanda kikiwa kimezimwa, waambie wakuachie kompresa, ile mashine ya kushindilia hewa, imewaka peke yake. Tembea polepole ukifuata paipu. Utasikia ssss hapa, ssss pale, kwenye maungio, kwenye hozi zilizochoka, kwenye zile bunduki za kupuliza vumbi zilizoachwa zimening'inia. Chukua sifongo na maji ya sabuni, paka, povu likifura tia alama kwa chaki. Kiwanda ambacho hakijatunzwa si ajabu robo ya hewa ya kompresa ikawa inavuja tu, na hewa ya kompresa ndiyo nishati ghali kuliko zote humo ndani, manake sehemu kubwa ya stima inayoingia kwenye kompresa inatoka ikiwa joto.

Halafu njoo kwenye mafeni na mapampu. Tuseme kuna feni ya mota ya kilowati 37, inabeba mzigo wake wote, inazunguka masaa 6,000 kwa mwaka, hizo ni uniti 222,000. Kama hewa yote hiyo haihitajiki, weka inveta, kifaa cha kubadilisha kasi ya mota, ushushe kasi iwe asilimia 80. Wengi watakwambia tumeokoa asilimia 20. Siyo. Nguvu inayotakiwa na feni inafuata kasi ikizidishwa kwa yenyewe mara tatu, 0.8 kwa 0.8 kwa 0.8, inakuja kama 0.51, yaani unabaki na nusu hivi, umeokoa zaidi ya uniti 100,000 kwa mota moja. Zidisha na bei iliyo kwenye bili yenu uandike kwa shilingi. Ukurasa mmoja, hesabu juu, maelezo chini. Hiyo karatasi peleka kwa bosi.

Na usiende kama mtu anayeomba, sheria iko nyuma yako. Kanuni za usimamizi wa nishati za 2012 zinataka kiwanda kinachotumia zaidi ya uniti 180,000 kwa mwaka kifanyiwe oditi (ukaguzi) ya nishati angalau kila miaka 3, na mwenye kufanya oditi awe na leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati na petroli. Kwa hivyo oditi itakuja tu mkipenda msipende. Uwe wewe ndiye unayemzungusha huyo odita, umbebee tochi, umuulize maswali mpaka achoke, ripoti ikitoka usikubali iwekwe kwenye kabati, omba ukabidhiwe wewe uitekeleze. Nimewaona mafundi waliopanda cheo kwa njia hii kabla hawajaongeza hata cheti kimoja.

Sasa joto. Nenda ukakae na mtu wa boila, na umheshimu, manake mzee wa boila anajua mambo ambayo hayako kwenye kitabu chochote. Muulize maji moto yanayotokana na mvuke uliopoa yanarudi kwenye tangi au yanamwagwa mtaroni. Tazama paipu za mvuke zilizovuliwa koti la kuzuia joto, tazama zile trapu (vali za kutoa maji na kuzuia mvuke) zinazopitisha mvuke mchana kutwa. Moshi unaotoka kwenye bomba una joto kiasi gani, na je unaweza kupashia maji yanayoingia? Hayo yakishatengenezwa ndipo mje kwenye swali kubwa, kuchoma nini. Kama mnataka maji ya nyuzi 60 au 80 tu, pengine hamhitaji boila kabisa, jua la hapa linapasha maji, na hiti pampu inatumia stima kidogo kuhamisha joto jingi. Kama mnataka mvuke wa nguvu, hapa pwani tuna makumbi ya nazi na maganda ya korosho. Lakini jihadhari na anayekuletea kuni akaziita nishati safi, kama msitu unakatwa Kwale na hakuna anayepanda mwingine, hiyo ni hasara iliyohamishwa kutoka kiwandani kwenda shambani kwa watu, na kiongozi wa kweli anakataa hata kama bei ni nzuri.

Kuna viwanda ambavyo hata kubadilisha mafuta hakutoshi, na hapa kwetu mfano uko mlangoni, saruji. Tanuri la klinka, yale mawe madogo yanayosagwa kuwa saruji, linafika nyuzi 1,450 hivi, lakini moshi wake mwingi hautokani na mafuta, karibu asilimia 60 ya hewa ya kaboni inatoka kwenye jiwe lenyewe la chokaa likiungua. Ndiyo maana ulimwenguni saruji peke yake inatoa asilimia 7 au 8 ya hewa yote ya kaboni ya binadamu. Dawa iliyo karibu ni kupunguza klinka ndani ya mfuko, kutia pozolana (mawe au majivu ya volkano), au udongo wa mfinyanzi uliochomwa kwa joto la chini zaidi. Ile saruji inayoitwa LC3, ya udongo huo na mawe ya chokaa, inatumia klinka nusu tu na inapunguza kaboni kama asilimia 40. Hiyo inataka mkemia, mtu wa viwango, na mtu wa kumshawishi fundi mwashi wa Mtwapa kwamba ukuta hautaanguka. Nakwambia haya uone kazi ilivyo pana.

Na neno la mwisho kwako, kuongoza. Kupima utajifunza, lakini kiongozi ni yule anayewakalisha pamoja meneja wa uzalishaji anayeogopa mashine kusimama, mtu wa fedha anayeuliza pesa zinarudi lini, na mzee wa boila anayeogopa kwamba boila ikiondoka na yeye ataondoka. Huyo wa tatu ndiye anayesahaulika, na ndiye anayeweza kukwamisha mradi wote, na ana haki ya kuogopa. Kaa naye kabla mtambo mpya haujaagizwa, muandike jina kwenye mafunzo. Ukishakuwa na miradi miwili mitatu iliyokamilika na namba zake, hapo ndipo uchukue mafunzo ya CEM (cheti cha kimataifa cha meneja wa nishati), ndipo ufikirie digirii ya jioni au mastaz. Utakaa darasani ukiwa na la kusema.

SWALI: Mimi ni mhasibu, mwanamke, nafanya kazi kwenye kampuni ya klia na fowadi hapa Kilindini. Sijui stima wala boila. Je hizi kazi zina nafasi yangu? (Mama Wawili, Ganjoni)

JIBU: Iko dadangu, tena kubwa. Miradi mingi ya nishati inakufa mezani kwa kukosa mtu wa kuiandika kwa lugha ya benki. Jifunze kuhesabu kaboni kwa utaratibu wa GHG Protocol, unaotumika duniani kuhesabu hewa chafu, fungu la kwanza ni unachochoma mwenyewe, la pili ni stima unayonunua, la tatu ni kila kilicho kabla na baada yako. Dizeli lita moja inatoa kama kilo 2.7 za hewa ya kaboni, kwa hivyo risiti za mafuta ya malori yenu unazozipitisha kila wiki tayari ni kumbukumbu za kaboni, zinangoja mtu azijumlishe. Viwango vya IFRS S2, vya makampuni kutoa taarifa za mabadiliko ya tabianchi, vilitoka 2023, na ICPAK, chama cha wahasibu, imeshaweka ratiba ya Kenya kuvifuata, soma mapema kabla wenzako hawajakurupuka. Na uko bandarini, mashirika ya meli yako chini ya shabaha ya IMO (shirika la kimataifa la usafiri wa bahari) ya kufikia sufuri ya hewa chafu kwa hesabu ya jumla karibu na 2050, meli ikitia nanga inawasha majenereta yake ili taa na friji ziwake, na kuivutia stima ya nchi kavu ni mradi unaotaka hesabu kabla ya waya. Mwombe bosi wako akuachie hesabu ya kaboni ya malori ya mwaka mmoja. Anza na hiyo.

SWALI: Kuna watu wanatoza shilingi 15,000 kwa kozi ya wiki moja ya kazi za kijani, wanasema ukimaliza unapelekwa Ulaya. Ni kweli? (Kijana wa Likoni)

JIBU: Mwanangu, pesa zako kaa nazo. Kufunga sola kihalali Kenya kunataka leseni ya EPRA, na leseni inataka masomo yanayotambulika, si cheti cha wiki moja. Vuka feri, nenda TUM, chuo kikuu cha ufundi, pale Tudor au Kenya Coast National Polytechnic, uliza kozi za stima, ada zao na muhula unaanza lini. Ukiwa huna ada, tafuta fundi mwenye leseni ujifunze kwake huku ukijiandaa na mtihani wa gredi wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani. Na hao wanaokuahidi Ulaya, waulize jina la kampuni itakayokuajiri na mkataba uko wapi, kabla hujatoa hata shilingi.