Hatifungani ya Tanga UWASA: chati ipi uitazame?

Msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, hisa nazisoma kwa mishumaa na RSI. Hatifungani ya Tanga UWASA nayo inapimika hivyo hivyo?" Ndugu yangu, hapo umenigusa. Mishumaa ni chati inayoonyesha bei ilivyopanda na kushuka, na RSI ni kipimo kinachosema kama kitu kimenunuliwa au kuuzwa kupita kiasi. Nimezichora chati hizi huku wenzangu kwenye kundi la WhatsApp wakinicheka, eti napoteza muda kwa kitu kisichotembea. Maneno yale yaliniuma, sifichi.

Hatifungani ni mkopo: unampa mtoaji fedha, anakulipa riba hadi muda uishe, kisha anakurudishia. Hiyo ya Tanga UWASA, ya 2024, ni ya miaka 10, riba asilimia 13.5 kwa mwaka. Imetolewa na mamlaka ya maji ya Tanga, si halmashauri, ila kwetu ndiyo inayokaribiana zaidi na zile za miji walizonazo Wamarekani kwa wingi. Ipo DSE, soko la hisa la Dar es Salaam, lakini wengi walionunua wameikalia, wanasubiri riba ya kila miezi sita. Kwa hiyo mstari wa bei umelala tu. Siku moja unaporomoka, RSI inasema imeuzwa kupita kiasi, kumbe ni mzazi mmoja alikuwa anatafuta ada.

Mimi nachora riba za minada ya BoT, yaani Benki Kuu inapouza hatifungani za serikali. Huko kuna fedha nyingi, na mwelekeo unaonekana. Aprili 2022 kuponi (riba ya mwaka iliyoandikwa kwenye hatifungani) ya miaka 25 ilishushwa kutoka asilimia 15.95 hadi 12.56, ya miaka 20 kutoka 15.49 hadi 12.10. Za zamani, zenye riba kubwa, zikawa lulu. Mimi nilikuwa nazo na sikuziachia. Waliokuwa wanacheka wakaanza kunipigia simu usiku kuuliza dalali wangu ni nani.

Sasa piga hesabu. Milioni moja ya Tanga kwa bei ya 100, yaani shilingi 100 kwa kila 100 ya hatifungani, inakupa 135,000 kwa mwaka, yaani 67,500 kila nusu mwaka. Ukiuziwa kwa 104, umetoa 1,040,000 upate 135,000 zile zile: asilimia 12.98. Tena ikiiva, yaani muda wake ukiisha, unarudishiwa milioni moja tu. Weka hiyo kando ya mnada wa BoT wa miaka 10. Pengo kati ya riba hizo mbili likiwa jembamba, umebeba hatari ya mamlaka ya maji kwa malipo ya serikali.

Na hatari hiyo ipo, kwa sababu riba yako inatoka kwenye bili za wateja. Hakuna mshumaa utakaokuonyesha bomba linalovuja Pangani. Vijana, acheni uvivu! Someni hesabu zilizokaguliwa: makusanyo ya bili, maji yanayopotea njiani, madeni mengine. Chati bila hayo ni kujidanganya, nalisema hili kila mara na nitazidi kulisema.

Ukishamaliza ndipo umpigie dalali. Muulize bei ya mwisho ilifungwa lini, na kwa kiasi gani. Akikutajia bei bila tarehe, usinunue.