Shangazi, hawa Tennis ni kina nani?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mzaliwa wa Pangani, sasa naishi Denver, Marekani. Mume wangu kakata tiketi za onyesho la bendi iitwayo Tennis, eti nisipoenda sasa sitawaona tena. Kweli?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ni mke na mume wa hapohapo Denver: Alaina Moore, mwimbaji na mpiga kinanda, na Patrick Riley wa gitaa. Waliishi miezi kadhaa ndani ya mashua ya tanga. Albamu yao ya kwanza, ya 2011, inasimulia safari hiyo. Mtu wa Pangani utawaelewa! Albamu yao Face Down in the Garden ilitoka Aprili 2025, nao wametangaza ndiyo ya mwisho. Mumeo hakudanganyi. Mimi juzi niliisikiliza nikichambua mchele, nikajikuta nauchambua mara ya pili.